Tovuti Mbili za Gurbe

Gurbe Hettinga ndiye aliyekuwa akituletea barua hapa kijijini Lytsewier, na kama uliwahi kuhama nyumba enzi zake unajua jinsi alivyokuwa msumbufu. Atasimama mlangoni, baiskeli kaiegemeza kiunoni, aanze: "Usirudishe ufunguo mapema. Watu wataendelea kukuandikia kule kwa zamani. Acha mtu wa kupokea, walau kwa muda." Alimwambia hivyo kila mjane na kila bibi harusi. Mimi aliniambia mara mbili, na kuhama kwenyewe kulikuwa kutoka upande huu wa mfereji kwenda upande wa pili. Ndiyo maana nikikumbuka yaliyompata, sijui nimwonee huruma au nimtandike kofi.

Mimi ni Hinke, mwenye hema la supu ya njegere. Maji yakiganda, klabu yetu ya barafu inafungua njia ya kuteleza kwa viatu vya chuma kwenye mfereji, kutoka kijijini, chini ya Daraja la Maziwa, mpaka ziwani, na mimi nakaa pale kwenye kiingilio na sufuria langu kubwa. Gurbe alikuwa katibu wa klabu. Maana yake alifanya kila kazi ambayo wengine waliikwepa, na mojawapo ilikuwa kutunza tovuti. Tovuti yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja tu: picha ya daraja, na chini yake maneno makubwa. Barafu ikiwa salama, maneno ya kijani, IKO WAZI. Ikiwa si salama, maneno mekundu, IMEFUNGWA.

Kwa miaka mingi ilikuwa nyekundu tu, maana majira ya baridi ya siku hizi ni mvua na matope. Kisha mwaka ule baridi ikaja ya kweli. Sisi Wafrisia, watu wa jimbo hili, tuna akili timamu mpaka mfereji ugande. Hapo watu wazima wanamdanganya bosi kuwa wanaumwa, na bosi anawakubalia haraka haraka kwa sababu naye anatafuta viatu vyake vya barafu darini. Wybren, msimamizi wetu wa barafu, alipita na keekee lake akitoboa na kupima kila mahali, akarudi na masharubu meupe, akasema, "Fungua." Gurbe akaweka kijani.

Jimbo zima likaingia kwenye tovuti yetu kwa pamoja, na tovuti ikazimika kabisa. Watu wakaja hemani wakiwa na hasira, simu mikononi, kana kwamba mimi na mwiko wangu ndio tulioizima.

"Gurbe, tovuti yenu mnaipikia kwa mshumaa?"

"Katibu gani wewe? Hata tovuti ya klabu ya dada wa kusuka inafunguka!"

Gurbe alicheka, lakini masikio yalimwiva. Alipiga simu kwenye kampuni iliyotuhifadhia tovuti, kampuni ndogo ya bei rahisi. Wakamjibu kwamba kwa kifurushi kile tushukuru hata hicho tulichokuwa tunapata. Hapo ndipo alipokasirika kwelikweli. Akaamua kuhamia kampuni nyingine siku ileile, katikati ya barafu. Mtu mwingine angesubiri iyeyuke. Lakini nani kwetu alishawahi kusubiri jambo lolote wakati kuna barafu?

Baadaye, jikoni kwangu, alinieleza kazi ya kuhama inavyokwenda, na nikamwelewa upesi kwa sababu aliieleza kiposta. Tovuti ina nyumba, yaani kompyuta ya kampuni ambako kurasa zinakaa. Na ina jina, lile unaloandika ili ufike pale. Jina linasajiliwa, na letu lilisajiliwa kupitia kampuni ileile ya bei rahisi. Ukitaka kuhama, unanakili kurasa kwenye nyumba mpya, kisha unaomba msimbo wa kuhamisha jina, unawapa wenyeji wapya, nao wanalielekeza jina kwao. Kwetu huku hilo halichukui hata muda wa kunywa kahawa. Tatizo ni kwamba vifaa vya watu hukariri njia. Simu ya huyu itafika nyumba mpya papo hapo, ya yule itaendelea kwenda nyumba ya zamani siku nzima, hata mbili. Kwa hiyo kwa muda huo una tovuti mbili zenye jina moja, na ukibadilisha neno huku lazima ubadilishe na kule.

Yote hayo aliambiwa. Nilikuwepo. Ilikuwa Ijumaa, amekaa kwenye kona ya hema langu na kompyuta yake juu ya kreti la soseji, simu kaiweka sauti ya juu kwa sababu ya glovu. Msichana wa kampuni mpya alimwambia kwa upole kabisa: "Bwana Hettinga, jina limeshafika kwetu. Ila ile akaunti ya zamani usiifute kwanza. Iache siku chache, uwe na nenosiri lake mkononi."

"Sawa, dada, sawa," akasema Gurbe, akakata simu.

Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tunakunywa supu. "Mnasikia? Eti nilipe nyumba mbili mwezi mmoja! Na mmoja wa wenye nyumba ni yule mpuuzi!" Akabonyeza palipoandikwa futa akaunti, na tukampigia makofi. Nenosiri likafa papo hapo. Kurasa zenyewe, kampuni ya zamani ilisema, zingebaki pale mpaka mwisho wa mwezi. Zikabaki, na maneno yao ya kijani, na hakuna mtu wa kuzigusa tena.

Jumamosi alfajiri upepo uligeuka ukaja wa kusini-magharibi, ule wa vuguvugu unaoyeyusha barafu. Wybren alitoka na keekee kabla watu hawajaamka vizuri, na alipoingia hemani hakuomba hata kahawa. "Funga," alisema. "Chini ya Daraja la Maziwa kumefunguka. Maji yanatembea." Akaenda kufunga kamba kwenye kiingilio. Gurbe akaweka nyekundu, akaniomba bakuli.

Simu yake ikaita. Mikono ilikuwa na bakuli, akaweka sauti ya juu. Ilikuwa ni mwanamume fulani wa Drachten, mchangamfu.

"Samahani bwana, mmefungua au mmefunga? Simu yangu inasema iko wazi, ya mke wangu inasema imefungwa. Hapa tumeshaanza kugombana."

Nilimwona Gurbe akibadilika rangi. "Imefungwa," alisema. "Mwamini mkeo."

"Haya! Leo nitanyanyaswa mpaka jioni," mtu yule akacheka, akakata.

Gurbe aliweka bakuli chini. Akajaribu kuingia kwenye ile akaunti ya zamani, ikamkataa. Akajaribu tena. Akapiga simu kule, ukapigwa muziki tu, maana Jumamosi hakuna mtu ofisini. Nikamuuliza, "Kuna nini, jirani?"

"Hakuna kitu. Itatulia yenyewe kabla ya mchana." Na akachukua kijiko chake.

Hapo ndipo penyewe. Wybren alikuwa hatua chache tu nje ya hema. Gurbe angetoa kichwa amwambie, na Wybren angetuma mtu na baiskeli apite kila nyumba ya ukingoni mwa mfereji. Lakini angelazimika pia kusema kwa nini, mbele ya wale waliompigia makofi jana yake. Akala supu. Nikimtazama sasa kwa macho ya kumbukumbu, kila kijiko kinanichoma.

Maana si kila mtu hupita kwenye kiingilio. Wenye nyumba zilizopakana na mfereji wana vigati vyao nyuma ya nyumba. Wanakaa pale, wanafunga viatu, wanashuka kwenye barafu kama wewe unavyoshuka barazani kwako. Kamba ya Wybren hawaioni. Kwao tovuti ndiyo geti.

Mwalimu Baukje alikaa upande huo, nyuma ya kona. Alishazeeka lakini alikuwa anateleza vizuri kuliko wengi wetu, mikono nyuma, mgongo umelala, bila papara. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Mimi, Wybren, Gurbe, wote alitufundisha kusoma. Asubuhi ile alifungua kishikwambi chake akinywa chai, akasoma, akavaa viatu. Alizama chini ya Daraja la Maziwa.

Mkulima aliyekuwa analisha kondoo alimsikia. Akaja na ngazi, akalala kifudifudi juu yake, akamshika ukosi. Mwalimu alitoka hai, midomo ya bluu, akapelekwa hospitali Leeuwarden, na huko mapafu yakamsumbua muda mrefu. Kijiji kizima kilishukuru. Gurbe alikwenda nyuma ya hema langu akatapika.

Mwana wa Mwalimu, Sietse, alikuja kutoka Utrecht. Ni mtu mzuri, ila ni wa mambo ya haraka. Mama yake alipopata pumzi ya kusema, alisema, "Iliandikwa iko wazi." Sietse akafungua kishikwambi kilekile. Ilikuwa Jumatatu, kishikwambi kilishajua njia mpya. Nyekundu. Akamgeuzia mama yake aone.

"Mama, hii hapa. Imefungwa. Wybren anasema iliwekwa Jumamosi asubuhi, kabla hujatoka."

Mwalimu alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Basi nilisoma vibaya."

Mwalimu alikuwa na dada, Tsjikke. Tsjikke alimalizia siku zake kwenye nyumba ya wazee akimwita Baukje mama. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kusema sana. Dukani walitikisa vichwa: maskini Mwalimu, ile ya kupoteza kumbukumbu imeshaanza, ni ya kwao ile. Sietse akaanza kutafuta nafasi kwenye nyumba hiyohiyo ya wazee, na akaanza kuzungumza habari za kuuza nyumba ya mfereji. Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa tu kwamba safari ijayo mama yake atasahau jiko la gesi.

Nilikwenda kumsalimia Mwalimu aliporudishwa nyumbani kwa muda. Alikuwa amekaa dirishani, na kabla hata sijavua koti akaniuliza, "Hinke, kwenye taa za barabarani, nyekundu ni ile ya juu, siyo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ya juu."

"Ndivyo nilivyodhani," alisema, akashusha pumzi, nami nikatoka nje nikalia kwenye banda la baiskeli.

Siku hiyohiyo nilimwita Gurbe jikoni kwangu. Nilikuwa sijamwelewa vizuri yule mtu wa Drachten na ugomvi wake na mkewe, lakini usiku na mchana ule mlio wa simu ulikuwa haunitoki. Nikamwambia hapati kahawa mpaka aniambie. Akaniambia yote, kama nilivyokwisha kukuambia. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola ya sare ya posta.

"Kwa hiyo alisoma sawasawa," nikasema.

"Alisoma sawasawa."

"Na wewe unamwacha apelekwe nyumba ya wazee kwa kosa la kusoma vibaya."

"Hinke, nikisema, nitakuwa ni mtu aliyemzamisha Mwalimu."

"Na usiposema?"

"Nitakuwa mtu huyohuyo," akasema, "ila nitakuwa najua peke yangu."

"Sasa hata hilo limekushinda, maana mimi najua." Nilikuwa na hasira, sikumwonea haya. "Wewe ndiye uliyekuwa unatusumbua kila mtu na habari za funguo! Wewe! Mtu akihama kabati tu unataka aache mlinzi! Yaani mdomo ulikuwa wa kazi gani?"

Alilia kama watu wasiozoea kulia, kwa kukohoa. Nilimwambia ana nafasi mpaka siku atakayokuja mama wa kutathmini wazee, yule anayeamua nani apewe nafasi kwenye nyumba ya wazee. Asiposema yeye, nitasema mimi, na mimi sitasema vizuri.

Siku zikapita naye kimya. Barua za Mwalimu alikuwa anazitumbukiza bila kusimama, kichwa chini, akipiga pedali kama anafukuzwa na mbwa. Barafu ikayeyuka, bata wakarudi, tulipi zikatoa ncha kwenye bustani.

Siku ya mtathmini Mwalimu aliniomba niwepo nitoe kahawa. Mtathmini alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya taratibu. Akauliza leo ni siku gani, mfalme ni nani, anapika nini jioni. Mwalimu alijibu yote, ila kila jibu alilitoa akimwangalia kwanza Sietse, kama mtoto anayemwangalia mwalimu. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Kisha Sietse akasema kwa upole, "Mama, waeleze habari ya barafu."

Mwalimu aliweka mikono mapajani. "Ni kweli," alisema. "Iliandikwa imefungwa, mimi nikasoma iko wazi. Niliona hata rangi ya kijani. Kichwa changu kilitengeneza rangi isiyokuwepo."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Gurbe alikuwa pale na barua mkononi, kofia kaivua. Sijui alisimama nje kwa muda gani.

"Ilikuwepo," akasema.

Sietse akamwambia, "Gurbe, kaka, siyo sasa hivi. Tuna mgeni."

"Ilikuwepo, Mwalimu. Ilikuwa kijani." Na akaeleza akiwa amesimama vilevile, mlango wazi, baridi inaingia. Tovuti mbili, jina moja. Kwamba aliambiwa asifute akaunti akaifuta. Kwamba mtu alimpigia simu asubuhi ile akajua. Kwamba Wybren alikuwa hatua chache. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo namhesabia.

Sietse alisimama, kiti kikaanguka. "Mama yangu angekufa! Na wewe—"

"Sietse, kaa," alisema Mwalimu, na Sietse akatafuta kiti akakaa. Ile sauti. Hata mtathmini alinyoosha mgongo. "Gurbe, rudia."

"Ilikuwa kijani, Mwalimu."

"Iliandikwa nini?"

"Iko wazi."

"Na mimi nikasoma?"

"Iko wazi."

"Rudia yote pamoja."

"Iliandikwa iko wazi, na Mwalimu akasoma iko wazi. Ulisoma sawasawa."

Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha meza, taratibu, kioo kimoja kisha cha pili. Nilidhani analia, lakini alipoivaa tena macho yalikuwa makavu na yanamtazama Gurbe moja kwa moja.

"Maji nimeshakusamehe," alisema. "Maji ni maji. Nimeshawahi kuingia majini kabla hujazaliwa. Lakini tangu nitoke hospitali, kila asubuhi, nakaa hapa dirishani nataja majina ya darasa. Darasa lenu. Kwa sauti, ili nijue kama bado ninao. Naanza na waliokaa karibu na dirisha. Wewe ulikaa karibu na dirisha, Gurbe. Kila asubuhi nilikutaja wa kwanza. Na kila asubuhi, nikikutaja, wewe mwenyewe ulikuwa unapita hapo nje na mfuko wa barua."

Gurbe alikuwa bado ameishika ile barua.

"Weka barua mezani," akasema Mwalimu. "Kisha ufunge mlango, baridi inaingia."

Mtathmini alikunywa kahawa yake, akaniomba na kipande cha keki ya mdalasini, akaondoka akisema hana la kuandika. Nyumba haikuuzwa. Kwenye mkutano wa klabu Gurbe alisimama akasimulia yote tena, akajiuzulu, akauliza nani atachukua ukatibu na tovuti. Watu wakatazama viatu vyao. Basi akaendelea, maana ndivyo tulivyo.

Baridi ilirudi miaka miwili baadaye. Tovuti yetu iko imara sasa, na jina na nyumba vimekaa pamoja bila matata. Lakini Gurbe haiamini. Kila Wybren akisema funga, anaweka nyekundu, kisha anapanda baiskeli anapita nyumba zote za ukingoni mwa mfereji, moja baada ya nyingine, anagonga, anasema kwa mdomo. Wanamtania, wanamwita posta asiye na barua, wanampa chokoleti ya moto.

Kwa Mwalimu Baukje mlango unafunguka kidogo tu, nafasi ya uso.

"Mwalimu, imefungwa."

"Nimeshasoma," anasema Mwalimu, na anafunga. Gurbe hubaki pale kidogo, kofia mkononi, halafu anaenda nyumba inayofuata.